Safiyuddin Al-Urmawi: Kijana Aliyechora Sauti Ndani ya Duara

 

Hebu nianze na jambo ambalo bila shaka limekupata mwezi huu. Mmemaliza kufuturu, tarawehe bado kidogo, na mtu amefungua qiraa ya msomaji mmoja wa Misri. Sauti inaanza chini, polepole. Inapanda ngazi moja, inasimama, inapanda tena, kisha inashuka hadi pale pale ilipoanzia. Wewe unasikia raha ya moyo tu. Lakini babu aliyekaa pembeni anatikisa kichwa na kusema hiyo ni Rast, na baadaye anasema sasa amegeuka kwenye Hijazi.

Umewahi kujiuliza babu amezijuaje hizo ngazi? Na nani aliyekaa chini akazipima, akazipa mahali pake na kuziandika? Sauti haishikiki wala haionekani. Mtu ataipimaje?

Leo nataka tumjue mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko karibu wote waliomtangulia. Alikuwa mwanafunzi kama mimi na wewe. Aliona mali nyingi, akaona mji wake ukiteketezwa mbele ya macho yake, na mwisho wake akafa na deni shingoni. Jina lake ni Safiyuddin Abdulmumin bin Yusuf bin Fakhir Al-Urmawi.

Kabla sijaendelea, niseme wazi. Hukmu ya ala za muziki wanachuoni wameizungumza kwa urefu na wamekhitilafiana, na mimi si mufti. Ukitaka fatwa nenda kwa sheikh wako. Na katika Qur'ani, tajwidi ndiyo ya kwanza, uzuri wa sauti unafuata nyuma. Makala hii ni ya maisha ya mtu na elimu aliyoiacha, basi.

MWANAFUNZI WA MUSTANSIRIYA

Safiyuddin alizaliwa karibu mwaka 613 Hijria, yaani 1216 Miladia. Jina la Al-Urmawi linatokana na Urmia, mji ulioko kaskazini magharibi mwa Iran ya leo. Akiwa bado mdogo alifika Baghdad, na wakati ule kufika Baghdad ndiko kufika. Mwaka 631 Hijria, 1234 Miladia, Khalifa Al-Mustansir alifungua chuo kikubwa ukingoni mwa mto Tigris, kikaitwa Mustansiriya. Kilifundisha fiqhi ya madhehebu yote manne chini ya paa moja. Jengo lake mpaka leo lipo.

Safiyuddin aliingia hapo akasoma lugha ya Kiarabu, adabu, tarehe na fiqhi ya Imam Shafi. Naam, madhehebu haya haya tunayosomeshwa sisi hapa pwani. Kwa hivyo usidhani kwamba alikuwa mtu wa ngoma tu aliyekimbia darasa. La hasha. Alikuwa mtu wa vitabu.

Kilichomtoa kwanza kilikuwa hati yake. Aliandika khati nzuri hata akahesabiwa miongoni mwa mabingwa. Mmoja wa waliojifunza kwake ni Yaqut Al-Musta'simi aliyefariki 1298, ambaye jina lake linajulikana na kila anayesoma khati za Kiarabu. Khalifa Al-Musta'sim aliyetawala kuanzia 1242 alimwajiri Safiyuddin awe mnakili wa vitabu katika maktaba yake.

Sasa cha ajabu ni kwamba khalifa hakujua kuwa mnakili wake anapiga udi. Wanahistoria wanasimulia kwamba siku moja mwimbaji wa kike wa nyumba ya khalifa, jina lake Luhaz, aliimba sauti iliyompendeza sana khalifa. Alipoulizwa ameipata wapi, akamtaja mwalimu wake, Safiyuddin. Akaitwa, akasikilizwa, na kuanzia siku ile mshahara wake ukapanda hadi dinari 5,000 kwa mwaka.

KITABU KIDOGO CHA DUARA

Lakini kabla ya mshahara huo kulikuwa na kitabu. Kinaitwa Kitab Al-Adwar, yaani Kitabu cha Duara. Nakala moja iliyobaki ina tarehe ya mwaka 633 Hijria, sawa na 1236 Miladia. Piga hesabu mwenyewe. Mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Sisi katika umri huo bado tunaazima noti za wenzetu usiku wa kuamkia mtihani.

Ndani ya kitabu kuna nini? Njia nzuri ya kuelewa ni kujaribu kwa mkono. Tafuta ubao, pigilia misumari miwili, kisha funga mshipi wa kuvulia samaki uukaze vizuri. Hakikisha baina ya msumari na msumari kuna sentimita 90. Udonoe mshipi mzima, usikilize. Sasa bonyeza katikati kabisa, zibaki sentimita 45, udonoe tena. Utasikia sauti ile ile, ila imepanda juu, kama mtoto na baba yake wanapoitikia amin pamoja. Umbali huu wataalamu huuita oktava.

Endelea. Bonyeza mahali ambapo zitabaki sentimita 60, yaani theluthi mbili ya mshipi. Sauti hii si ile ile, lakini inapatana sana na ya mwanzo. Kisha ziache sentimita 67 na nusu, yaani robo tatu. Nayo inapatana. Mwisho ziache sentimita 80, ambazo ni sehemu nane katika tisa. Hiyo ni hatua moja kamili ya ngazi.

Unaona? Sauti imekuwa umbali. Kitu kisichoshikika sasa unakipima kwa rula. Jambo hili walilijua Wayunani, na Waislamu wakaliendeleza. Al-Kindi aliliandikia katika karne ya tisa Miladia. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu yake kitabu kikubwa sana. Ibn Sina, aliyefariki 1037, naye alilipa sehemu katika vitabu vyake. Safiyuddin alikuja akakuta matofali yapo tayari. Kazi yake ilikuwa kuyapanga yawe nyumba.

PENGO LISILOFICHIKA

Hapa ndipo ilipo shida, na nakuomba usiruke kipengele hiki maana ndicho kiini cha habari.

Chukua ile hatua ya theluthi mbili, sentimita 60 katika 90, halafu uirudie. Panda mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi mara 12. Ukihesabu utatarajia ufike pale pale ulipoanzia, oktava saba juu. Wapi! Hufiki. Unapitiliza kidogo, kama asilimia 1.4 hivi. Ni kama fundi anayezungusha matofali ya kisima, akifika tofali la mwisho anakuta halikutani sawasawa na la kwanza. Kosa si la fundi. Hesabu yenyewe ndivyo ilivyo, na huwezi kuibadilisha hata ukikesha.

Watu wametafuta njia nyingi za kuishi na pengo hili. Piano za leo zimeligawanya pengo katika hatua zote 12, kila moja ikabeba kidogo, mpaka sikio lisilizoea lisilione. Safiyuddin alifanya vyengine. Alilipa pengo mahali pake.

Alisema hivi kwa hesabu yake: ile hatua moja kamili, ya sentimita 80 katika 90, tuigawe sehemu tatu. Sehemu mbili zinalingana, na kila moja huitwa baqiya, yaani kilichobaki. Ni neno la mzizi ule ule wa baki letu la Kiswahili. Sehemu ya tatu ni ndogo zaidi, na ndiyo lile pengo. Wataalamu wa leo wanaiita koma. Al-Farabi alikwisha kueleza mgao wa namna hii katika tambur ya Khurasan. Safiyuddin akaueneza katika oktava nzima.

Hesabu yake ikatoka hivi. Umbali wa robo tatu una hatua mbili kamili na baqiya moja, basi ni vipande 7. Oktava ina umbali kama huo mara mbili, ni 14, pamoja na hatua moja kamili juu yake, ni vipande 3. Jumla ni 17. Kwa hivyo ngazi yake ina vipande 17 na sauti 18, kwa kuhesabu ya chini na ya juu yake.

Sauti hizo alizipa majina kwa herufi za abjadi, zile zile ambazo maalim wetu madrasa alituambia kila moja ina thamani yake. Alif ni 1, uzi mzima. Dal ni 4, hatua moja kamili. Haa ni 8, robo tatu. Ya na alif ni 11, theluthi mbili. Ya na haa ni 18, nusu ya uzi, na hapo umerudi nyumbani.

KWA NINI DUARA?

Kurudi nyumbani ndiko kunakoeleza umbo la duara. Ukichora ngazi kwa mstari ulionyooka, sauti ya kwanza na ya mwisho zitaonekana ziko mbali kabisa. Lakini sikio linasema ni ndugu. Kwenye duara unatoka, unazunguka, na unapomaliza mzunguko uko mahali ulipoanza. Umbo limesema kile ambacho sikio limesikia.

Safiyuddin alichora duara nyingi. Ukingoni aliweka herufi za sauti za kila mpangilio. Kisha kati ya sauti mbili zinazopatana alivuta mstari ndani ya duara. Ukitazama mchoro, hata kama hujawahi kugusa udi maishani mwako, unaona kwa jicho sauti gani inaitikiana na ipi. Miaka zaidi ya 700 baadaye, wanahesabu wa muziki bado wanatumia duara kuonyesha mambo haya, na wamefika hata kwenye maumbo ya pande tatu na zaidi. Wazo la kuweka sauti mahali, kisha kutazama jirani zake ni kina nani, yeye alikuwa nalo.

Idadi ya duara zake nayo ni hesabu safi. Alitafuta namna 7 za kupanga sehemu ya chini ya oktava, na namna 12 za kupanga sehemu ya juu. Saba mara kumi na mbili ni 84. Hakusema zote ni tamu. Alizipima moja moja. Kati ya mipangilio iliyokuwa ikitumika alitaja 12 mikuu, na humo ndimo unamokutana na majina kama Rast, Iraq, Isfahan, Husayni na Hijazi.

Ehe, Rast na Hijazi, zile za babu. Tusije tukadanganyana, Rast unayoisikia leo si lazima ilingane kipande kwa kipande na ya kitabu chake, kwani karne nyingi zimepita na masikio yamebadilika. Lakini jina limesafiri. Limefika Cairo, likafika Istanbul, na pamoja na udi limefika hadi kwa watu wa taarab wa Zanzibar na Mombasa.

Kwani theluthi mbili na nusu zinapatana kwa nini? Jibu lilikuja baadaye. Mwaka 1701 Mfaransa Joseph Sauveur alieleza kwamba uzi ukidonolewa hautikisiki mzima peke yake. Unatikisika pia kwa nusu yake, kwa theluthi yake, kwa robo yake, vyote kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinatoa sauti yake nyembamba ndani ya ile kubwa. Safiyuddin hakuwa na maelezo hayo. Alikuwa na sikio, uzi na hesabu, na vilimfikisha mahali pale pale.

MWAKA WA MSIBA

Sasa tuingie katika siku ambazo kalamu inakuwa nzito. Mapema mwaka 1258, Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, aliuzingira Baghdad na jeshi la Wamongolia. Mwezi wa Safar mwaka 656 Hijria, Februari 1258, mji ukaanguka. Khalifa Al-Musta'sim akauawa. Watu waliouawa hawana idadi inayokubaliwa na wote, lakini ni wengi mno. Maktaba zikaporwa, pamoja na zile ambazo Safiyuddin alizitumikia.

Yeye alikuwa na miaka 42 hivi. Khabari yake katika siku zile aliisimulia mwenyewe, na baadaye ikaandikwa na mwanahistoria Ibn Fadhlillah Al-Umari, aliyefariki 1349. Inasema kwamba mitaa ya Baghdad iligawiwa makamanda wa Kimongolia, kila mmoja na fungu lake. Mtaa wa Safiyuddin uliangukia kwa kamanda mmoja, na wakazi wakajua siku yao imefika. Safiyuddin hakujificha. Alikusanya mali, akatoka kumpokea kamanda yule, akamkaribisha nyumbani kwake kwa heshima, akamwandalia chakula na zawadi. Yule aliyekuja kuua akakaa kama mgeni. Khabari ikafika kwa Hulagu, Safiyuddin akapelekwa kwake na akapiga udi mbele yake. Hulagu akaridhika. Mtaa ule ukasalimika, na yeye akaandikiwa dinari 10,000 kwa mwaka, mara mbili ya zile za khalifa.

Ndugu msomaji, hapa huenda ukawa na swali kama nililokuwa nalo mimi. Mtu anawezaje kumpigia udi aliyemuua khalifa wake? Nimelifikiria sana. Mwanzoni nilimlaumu. Kisha nikawafikiria majirani zake, wazee, kina mama na watoto waliokuwa nyuma ya milango ya mtaa ule. Kila mmoja aliyetoka hai siku ile alikuwa na sababu ya kumuombea dua. Lakini pia mitaa mingine haikuwa na Safiyuddin. Mimi siwezi kumhukumu. Wewe pima mwenyewe, na kadhi wetu sote ni Allah.

MALI INAPOYEYUKA

Baada ya hapo aliishi chini ya ulinzi wa familia ya Juwayni, Waislamu wa Kiajemi walioshika madaraka chini ya Wamongolia. Ata-Malik Juwayni, aliyeandika tarehe ya Wamongolia, alikuwa gavana wa Baghdad. Ndugu yake Shamsuddin alikuwa waziri. Safiyuddin alisomesha watoto wa Shamsuddin, na kwa mmoja wao, Sharafuddin Harun, aliandika kitabu chake cha pili karibu mwaka 1267. Kinaitwa Risala Ash-Sharafiya, na kinaeleza hesabu za uwiano kwa upana zaidi. Pia anatajwa kuwa alibuni ala mbili za nyuzi, nuzha na mughni.

Lakini kivuli cha mti wa mwenzio hakina dhamana. Ata-Malik alifariki 1283. Shamsuddin akauawa 1284. Harun, mwanafunzi wake, akauawa 1286. Kwa miaka mitatu tu mti wote ulikuwa umeanguka, na Safiyuddin amebaki juani akiwa na umri wa miaka 70.

Katika miaka ya neema alikuwa mtu wa mkono wazi, mwenye sinia kubwa na wageni wengi. Ukarimu ni jambo jema. Lakini hakuweka akiba. Mtu aliyewahi kulipwa dinari 10,000 kwa mwaka alikuja kukamatwa kwa deni la dinari 300. Chukua kalamu upige hesabu: ni pato la siku kumi na moja tu za ule wakati wake wa neema. Alifariki Baghdad akiwa katika hali hiyo, tarehe 28 Safar mwaka 693 Hijria, sawa na 28 Januari 1294. Mwenyezi Mungu amrehemu.

KILICHOBAKI

Mwezi huu wa Ramadhan, ambapo futari za siku moja wakati mwengine zinakula bajeti ya wiki nzima, lile deni la dinari 300 linatuhusu. Tunajua deni lilivyo zito kwa maiti. Wale uliowakopa, walipe ungali unaweza.

Lakini nisingependa umkumbuke kwa deni tu. Tazama kilichobaki. Dinari zimeisha. Khalifa amekwenda, na Hulagu amekwenda. Sauti ya udi wake hakuna aliye hai aliyeisikia. Kile kitabu kidogo alichokiandika akiwa kijana ndicho kilichobaki. Qutbuddin Ash-Shirazi, aliyefariki 1311, alikifanyia kazi. Abdulqadir Al-Maraghi, aliyefariki 1435, alikiandikia sherehe. Mwishoni mwa kitabu Safiyuddin aliandika hata nyimbo kwa herufi za sauti na tarakimu za muda wake, ili mtu wa mbali aweze kuzirudia.

Kimebaki kwa sababu hakuandika kwamba sauti ni tamu, niaminini. Aliandika gawanya uzi hapa, pima pale, jionee mwenyewe. Elimu ya namna hiyo haihitaji mlinzi wala mfalme. Mshipi wako wa kuvulia samaki utatoa jibu lile lile leo, hata kama uko Kibera, Lamu au Garissa.

Kwa hivyo wewe kijana uliye kidato cha nne au chuo, na unaona jiometri na hesabu ni somo la kupasi tu halafu usahau, jaribu ule ubao na misumari miwili. Waite wadogo zako wakuone. Na usiku, msomaji anapopanda ngazi zile na babu akataja jina lake, wewe utajua kuna kijana wa miaka 20 aliyewahi kukaa ukingoni mwa Tigris na bikari na kalamu, akaipa kila sauti mahali pake.

Twamuomba Allah atutakabalie saumu zetu, atulipie madeni yetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.